Kumsahihisha Mwenzio: Niliyojifunza Katika Kupiga Picha



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona mwalimu wa chuo cha Kurani ameshika kalamu kuandika khabari za picha. Nami ningalistaajabu vivyo hivyo kabla ya jambo hili kunifika. Lakini niliyoyapata katika picha yamenirudisha kwenye kazi yangu ya chuoni nikaitazama upya, na kwa sababu hiyo naona si vibaya kuwapa wenzangu khabari yake, hasa walio wazazi na waalimu, na vijana wanaosomeshwa na watu kama mimi.

Mimi ni mtu wa Unguja mjini. Umri wangu umepita hamsini, na kwa zaidi ya miaka thalathini nimekuwa nikisomesha watoto Kurani. Elimu yangu ni ya chuo na ya skuli ya msingi, basi. Kazi ya mwalimu wa chuo ni kusikiliza kosa. Mtoto hukaa mbele yangu akasoma, na huenda macho yangu yakawa pengine, najibu salamu ya mpita njia au namwashiria mwengine akae vizuri, lakini sikio langu liko kwake. Akifupisha pa kuvuta, nasikia. Akiitoa dhadi kama dali, nasikia. Anaposoma sawa sisemi kitu, kwani kusoma sawa ndiko alikotakiwa. Anapokosa ndipo sauti yangu inapopanda na ufito ukagonga jamvi. Miaka thalathini ya kazi hiyo humpa mtu sikio zuri. Sikujua kuwa humpa na ulimi wa namna yake.

Mwaka 2019 mwanangu alininunulia simu yenye kamera, akanionyesha namna ya kuitumia. Nilianza kwa mchezo. Nikitoka sala ya Alfajiri nilikuwa nikipiga picha ya njia ikiwa tupu, au mashua za Malindi zikirudi na samaki, au mlango wa nyumba ya zamani wenye nakshi. Kidogo kidogo jambo likaniingia moyoni. Nikatambua kuwa kuta za mji huu, ambazo nimezipita maisha yangu yote, sikuwa nimepata kuzitazama.

Najua kuwa wanazuoni wamekhitalifiana juu ya picha za vyenye roho. Wako waliozizuia, na wako walioona kuwa picha ya kamera ni kivuli kilichozuiliwa tu, mfano wa kile kionekanacho kiooni. Miongoni mwa hao wa pili ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914 mpaka 1920, ambaye aliandika risala nzima katika jambo hili. Mimi si mtu wa kutoa fatwa, na anayetaka hukumu na aende kwa wenye elimu. Kwa nafsi yangu nimejichagulia mashua, milango, miti na misikiti, na katika kundi letu tumepatana kuwa mtu hapigwi picha bila ya ridhaa yake, wala haonyeshwi aliye katika dhiki au aibu.

Kundi lenyewe tuko watu tisa: fundi saa, mshoni wa kanzu, nahodha aliyekwisha staafu, makarani wawili, mwalimu wa skuli, vijana wawili, na mimi. Hakuna hata mmoja wetu apigaye picha kwa ujira. Kila Jumapili baada ya Alasiri hukutana katika baraza ya fundi saa. Kila mmoja huleta picha moja, moja tu, ikapita mkono kwa mkono, na wenziwe wakasema walionalo.

Tulipoanza, hakuna aliyesema kitu ila sifa. Picha ikipita, huyu atasema Mashaallah, na yule atasema Mashaallah, kisha inakuja nyengine. Mshoni wa kanzu alileta picha za kanzu zake zikiwa zimetundikwa juani, na katika picha kanzu zote zilikuwa za kijivu kama zilizofuliwa kwa maji ya tope. Tukasema Mashaallah. Wiki ya pili akaleta nyengine, nazo kijivu, tukasema Mashaallah. Ikaendelea hivyo karibu miezi sita, mpaka siku moja nahodha akacheka akasema: "Jamani, hapa twapeana halua tu. Hapana anayeleta wali."

Maneno yake yalikuwa kweli. Mshoni yule alikuwa na haki ya kuambiwa kuwa kamera hupima mwangaza kwa kudhani kuwa kila kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani, wala si cheupe wala si cheusi. Ikiwa picha imejaa kitu cheupe, kama kanzu au ukuta uliopakwa chokaa, kamera huona kuwa nuru imezidi, nayo ikaipunguza, na weupe ukawa kijivu. Dawa yake ni kuongeza mwangaza kwa mkono kabla ya kupiga. Mwalimu wa skuli alilijua jambo hilo tangu siku ya kwanza, lakini alinyamaza kwa haya. Basi sifa zetu zilimnyima mwenzetu faida ya miezi sita. Anayemsifu nduguye kwa asilolipata, na hali anajua, huyo hakumfanyia wema. Amejinunulia radhi yake kwa bei rahisi.

Tukapatana kuwa tangu siku ile kila mtu aseme na kosa aliloliona. Na hapo, ndugu zangu, mimi nilipata uwanja wangu.

Sikujua mengi katika picha, lakini kosa nilikuwa mjuzi wa kuliona. Nikawa wa kwanza kusema na wa mwisho kunyamaza. Wenzangu wakanipa heshima ya mwalimu, wakaninyamazia, nami nikadhani ule unyamavu wao ni kukubali.

Miongoni mwa wale vijana wawili alikuwamo mmoja wa miaka kumi na saba ambaye zamani alisoma katika chuo changu. Jina lake sitalitaja. Jumapili moja alileta picha ya bahari wakati wa jua kutua. Mbele yake ilionekana pembe ya tanga, na nyuma mstari wa bahari na mbingu ulikuwa umelala upande, wa kushoto juu na wa kulia chini. Nami nilikuwa nimejifunza karibuni tu kuwa mstari huo hupasa kuwa sawa. Nikaishika picha, nikainua mkono ili wote waone, nikasema: "Mwanangu, bahari hii inamwagika! Hata kusimama sawa hujui?"

Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, akaitwaa simu yake akaitia mfukoni. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Nikasema nafsini mwangu kuwa vijana wa siku hizi hawana subira ya kujifunza.

Baada ya wiki tatu ilikuwa zamu yangu mimi kuleta picha niliyojivunia. Nilikuwa nimekwenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa chetu, kuutembelea ule msikiti wa kale. Sehemu kubwa ya jengo lake imejengwa upya katika karne ya 18, lakini katika ukuta wa kibla yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarikhi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107 wa miladi. Wasomaji wengi wanajua kuwa hayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiislamu katika pwani yetu. Ndani mlikuwa na kiza kidogo, basi nikawasha taa ya simu, nikasimama mbele ya ukuta sawasawa, nikapiga. Nikarudi mjini nikiwa na furaha.

Picha ilipita mikononi mwa watu. Hakuna aliyecheka. Ilipomfikia fundi saa, akaitazama kwa muda, kama anavyotazama saa iliyosimama, kisha akaniuliza: "Maalim, ulitaka tuone nini hapa?"

Nikamjibu: "Maandishi."

Akasema: "Jambo jema uliloliendea. Umesimama katikati, na jiwe lote limo, halikukatwa. Maandishi ndiyo ninayoyatafuta." Akanirudishia simu. Nikaitazama kwa jicho la mtu mwengine, nikaona ukweli wake: ulikuwa ukuta mweupe, na juu yake alama hafifu kama za kuku aliyepita mchangani. Herufi zile zilizosimama zaidi ya miaka mia tisa, mimi nilikuwa nimezifuta kwa taa yangu.

Fundi saa hakusema neno jengine mbele ya watu. Walipoondoka akaniambia: "Jumamosi nina nafasi. Ukipenda twende tena, nami nitachukua kurunzi." Tukapanda daladala tukaenda. Tulipokwisha kusali rakaa mbili za maamkizi ya msikiti, akaniambia nisiwashe taa ya simu kabisa. Akasimama kando, karibu na ukuta, akauelekeza mwangaza wa kurunzi upande upande ili upite juu ya jiwe kama jua la jioni lipitavyo juu ya mchanga. Wallahi, herufi ziliinuka. Kila chongo lilikuwa na kivuli chake, na kila ukingo ulishika nuru. Akanieleza kuwa kitu kilichochongwa huonekana kwa vivuli vyake, na kwamba taa inayopigwa usoni kwa nguvu huviua vivuli vyote, ukabaki weupe mtupu. Hayo ameyajua katika kazi yake, maana jino la gurudumu la saa halionekani vizuri ila kwa taa ya upande.

Njiani tukirudi nilikuwa kimya. Mwenzangu alikuwa amenisahihisha kosa kubwa kuliko lile la kijana, wala sikuona haya, wala sikutamani kuikimbia baraza yake. Tena alikuwa amepoteza siku nzima ya kazi yake kwa ajili ya picha yangu. Nikajiuliza, yule kijana mimi nilimpa nini? Nilimpa kicheko cha watu.

Siku ya pili yake nilikwenda kwao. Kijana hakuwepo, nilimkuta mama yake. Nikamwambia nimekuja kumtazama mwanawe kwa kuwa haonekani barazani. Akanikaribisha vizuri, akaniletea maji, kisha akasema kwa sauti ya upole, macho yake yakiwa chini: "Maalim, usinichukulie vibaya. Hii ni mara ya pili."

Sikumfahamu. Akanieleza. Mwanawe alipokuwa na miaka kumi na moja aliacha chuo changu akiwa katika Juzuu ya Tabaraka. Nyumbani alisema kuwa anaumwa na kichwa, kisha akasema skuli imekuwa nzito, na mimi nilipoulizwa nilisema kuwa mtoto huyu ni mvivu. Kumbe siku ile alikwama katika aya moja, nami nikamwambia mbele ya wenziwe maneno ambayo mama yake aliyakumbuka neno kwa neno, na ambayo mimi sikuyakumbuka hata kidogo. Watoto walicheka. Hakurudi tena. Miaka sita baadaye alifurahi kunikuta barazani, akamwambia mama yake kuwa kule kwenye picha Maalim na yeye ni wanafunzi sawa. Ndiyo sababu alileta ile picha.

Ndugu zangu, nilitoka katika nyumba ile nikiwa mzito wa miguu. Mtu hutubu dhambi anazozijua. Lakini ni nani anayeweza kuhesabu watoto walioondoka jamvini pake, naye akawaandika kuwa ni wavivu?

Usiku ule niliikumbuka hadithi ambayo nimeisomesha mara nyingi, iliyomo katika Sahihi Muslim, ya sahaba Muawiya bin al-Hakam as-Sulami. Huyu bwana alikuwa mgeni katika Uislamu, akamwombea rehema mtu aliyepiga chafya hali wamo katika sala. Watu wakamkodolea macho, naye akazidi kusema, mpaka wakapiga mapaja yao kumnyamazisha. Mtume (s.a.w.) alipomaliza sala hakumkemea, wala hakumpiga, wala hakumtukana, alimfahamisha tu kuwa sala haifai ndani yake maneno ya watu, kwani hiyo ni tasbihi na takbiri na kusoma Kurani. Na Muawiya mwenyewe akashuhudia kuwa hakupata kuona, kabla yake wala baada yake, mwalimu mwema wa kufundisha kuliko yeye. Mimi nilikuwa nikiisomesha hadithi hii kwa ajili ya hukumu ya kusema katika sala. Yule mwalimu aliyesimuliwa ndani yake nilimpita kila mara bila ya kumtazama, kama nilivyozipita kuta za mji.

Nilimngojea kijana baada ya sala ya Isha, nikamtaka radhi. Nilitaka radhi kwa mambo mawili, la picha na la chuo. Alifadhaika zaidi yangu mimi, maana si kawaida kwetu mwalimu kumtaka radhi mwanafunzi. Kisha nikamwuliza lile swali la fundi saa, ambalo ningalimwuliza tangu mwanzo: "Mwanangu, ulitaka tuone nini katika picha ile?"

Akasema: "Nilikuwa ndani ya mashua, Maalim. Upepo ulikuwa umeshika tanga na mashua imelala. Nilitaka ionekane vile ilivyolala."

Basi lile nililoliita kosa ndilo lililokuwa makusudio yake. Huenda picha haikufaulu kulieleza, kwa kuwa pembe ya tanga iliyoonekana ilikuwa ndogo na mwili wa mashua haukuonekana kabisa. Lau ungalionekana ubavu wake umekaribia maji, kila mtu angalifahamu kwa nini bahari imelala. Hiyo ndiyo ingalikuwa nasaha ya kumfaa. Mimi nilimsahihisha jambo asilolikosea, nikaliacha lile alilohitaji.

Tangu hapo kundi letu limejiwekea adabu, nami naziandika hapa kwa kuwa naona zinafaa hata nje ya picha.

Kwanza, mtazamaji huuliza kabla ya kuhukumu. Hujui mwenzio alikuwa akielekea wapi mpaka akuambie, na asiyejua safari ya mtu hawezi kumwambia kuwa amepotea.

Pili, hutajwa jema lililomo, nalo liwe la kweli na lenye jina lake. Kusema "picha nzuri" hakumfundishi mtu kitu. Kusema "umengoja mpaka yule mbebaji akafika penye mwangaza" kunamjulisha alichokifanya vyema, ili akifanye tena.

Tatu, hutajwa kosa moja, lile lililo kubwa. Mtu akiambiwa makosa kumi kwa siku moja hashiki hata moja; akiambiwa moja kila Jumapili, kwa mwaka amepata zaidi ya khamsini.

Nne, kosa huwa la picha, si la mtu, tena huja pamoja na dawa yake. Haisemwi "hujui kupiga uso." Husemwa: "Uso umeingia kiza kwa sababu ukuta wa nyuma ni mweupe; iguse sehemu ya uso kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, kamera itapimia hapo." Haisemwi "mkono wako unatetemeka." Husemwa: "Jioni nuru ikipungua kamera hufungua jicho lake kwa muda mrefu zaidi, na mtikisiko mdogo huonekana, bana viwiko ubavuni, au egemea nguzo."

Tano, lililo zito huambiwa mtu peke yake. Kijana wetu wa pili alipata kupiga picha ya mzee aliyelala njiani. Hakuna aliyemwambia kitu barazani. Nahodha alitembea naye mpaka kwao, na kesho yake kijana akaifuta mwenyewe.

Na mwenye picha naye ana adabu yake: asikilize mpaka mwisho kabla ya kujitetea, na asilete picha kwa ajili ya kutafuta sifa. Sifa akizipata amshukuru Mungu, na akikosolewa amshukuru aliyeitazama picha yake kwa makini hata akaliona kosa. Mtume (s.a.w.) amemfananisha Muumini na kioo cha nduguye. Kioo hakimfichi mtu doa lililoko usoni pake, wala hakiliongezi, wala hakipigi kelele likasikika mtaani.

Mwalimu wa skuli, ambaye husoma sana, ametuambia kuwa Uingereza kulikuwa na wapiga picha wa kupenda kama sisi waliokaa miji ya mbali mbali, wakapelekeana kisanduku cha picha kwa posta. Kila kilipomfikia mmoja, aliandika maoni yake juu ya picha za wenziwe, akatia yake mpya, akakipeleka kwa wa pili, mpaka kikazunguka kikarudi. Nimependa subira yao. Aliyeandika alijua kuwa maneno yake yatasomwa na mwenye picha baada ya siku nyingi, hali yeye hayupo kuyafasiri wala kuyatengeneza. Kwa hivyo ilimpasa ayapime kwanza.

Pia ametueleza khabari za Ibn al-Haytham, mwanachuoni wetu aliyezaliwa Basra mwaka 965 na kufariki Kairo karibu na mwaka 1040. Katika kitabu chake cha Kitab al-Manazir alionyesha kuwa jicho huona kwa nuru inayoingia ndani yake kutoka kwenye vitu, si kwa miale inayotoka jichoni kama walivyodhani wengi kabla yake, na alijaribu kupitisha nuru za taa katika tundu la chumba cha kiza, jambo lililo karibu mno na asili ya kamera. Lakini lililonigusa zaidi ni lile alilolisema katika kitabu chake chengine, alichokisoa ndani yake kauli za Ptolemy. Humo amemtaka mwenye kutafuta haki ahoji kila anachokisoma, kisha akamtaka aitilie shaka na nafsi yake pia wakati anapohoji, ili asikubwe na chuki wala asiregee kwa mapendeleo. Nusu ya kwanza ya wasia huo nilikuwa naijua sana. Nusu ya pili ndiyo niliyoikosa miaka thalathini.

Sasa nawauliza wazazi wenzangu, na najiuliza mimi kwanza: katika nyumba zetu, mtoto husikia sauti zetu wakati gani? Akifagia vizuri, kimya. Akivunja kikombe, nyumba nzima yajua. Mke akipika vizuri miaka ishirini, kimya; siku chumvi ikizidi, tunayo maneno. Hatusemi kuwa kosa liachwe. Kosa likiachwa katika Kurani huharibu maana, na likiachwa katika tabia huharibu mtu. Lakini yafaa tuangalie taa yetu tumeisimamisha wapi. Tukiipiga usoni pa mtoto kwa nguvu zote, tutaona weupe mtupu, tutasema hamna kitu hapa. Kumbe maandishi yamo.

Kijana yule alirudi barazani baada ya Jumapili mbili. Nilimwambia kuwa mlango wa chuo uko wazi, akanijibu, "Nitafikiri, Maalim," nami sikuongeza neno. Mwezi ulipita. Usiku mmoja baada ya Magharibi, watoto walipokwisha kuondoka, alikuja na msahafu chini ya kwapa, akakaa mbele yangu jamvini, mtu mzima kati ya vibao vya watoto. Sasa huja siku mbili kila wiki. Tulianza pale pale alipoachia, katika Juzuu ya Tabaraka. Husoma polepole, na bado hufupisha pa kuvuta. Nangoja amalize aya, namwambia lililokuwa zuri, kisha namrudisha kwenye lile neno moja. Ufito nimeutoa chuoni.

Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kwa wale wasiorudi, na kama yumo miongoni mwao anayesoma ukurasa huu, namtaka radhi. Namwomba atujaalie sote ndimi za kujenga na masikio ya kukubali, na awatilie baraka watoto wetu katika kusoma kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.